Nyumba ya mawe husafishwa kwa pepo, si kwa mwezi mwandamo

Swali: Assalaam aleikum fundi. Bibi yetu alituachia nyumba ya mawe Mkomani, Lamu. Ina orofa moja, juu darini, yaani kwenye paa bapa, kuna kibanda cha makuti, chini kuna kisima na birika la msalani, lile hodhi la kuwekea maji. Mimi nafanya kazi Mombasa na ndugu zangu wako mbali, kwa hivyo nyumba hukaa imefungwa muda mwingi. Kila mwaka, wiki mbili kabla ya Ramadhani, tunakuja kufagia, kuosha na kupaka rangi. Ikifika mwezi wa saba rangi imeshabambuka, chini ya ukuta kuna unga mweupe, na makabati yananuka uvundo. Nimesoma kwenye simu orodha za watu wa Ulaya za usafi mkubwa wa Machi, nikazifuata, sikuona tofauti. Tumekosea wapi? Tufanye nini, lini, na tuanze na kipi?

Jibu: Waaleikum salaam, mwanangu. Ningeweza kukujibu kwa mistari mitatu, lakini huo unga mweupe ulioutaja ndio ulionifanya nikae kitako niandike. Huo si uchafu. Ni chumvi, na ukiifuata inakotoka utajua karibu kila kinachoisumbua nyumba ya bibi yenu.

Kwanza hilo la lini. Usafi wa kabla ya Ramadhani ni ada njema, na nyumbani kwangu hauachwi: mazulia yatolewe juani, masufuria yasuguliwe, vyetezo vikung'utwe majivu. Ila huo ni usafi wa wenye nyumba. Nyumba yenyewe ina wakati wake. Ramadhani hurudi nyuma siku kama 11 kila mwaka, na mvua hairudi nayo. Mwaka 2019 mwezi uliandama mwanzoni mwa Mei, na Mei ndiyo mwezi ambao Lamu hupata mvua kuliko miezi mingine yote; aliyepaka rangi katika Shaabani ya mwaka ule, mwezi wa kabla ya Ramadhani, alipaka masika yakiwa mlangoni. Mwaka 2025 uliandama mwanzoni mwa Machi, ardhi bado kavu. Mwaka 2030, inshallah tukiwa hai, tutafunga mara mbili, Januari na tena mwishoni mwa Disemba. Sasa niambie, fundi atapanga vipi kazi ya chokaa kwa tarehe inayotembea hivyo?

Zile orodha za Ulaya nazo usizilaumu. Zimeandikiwa watu waliofunga madirisha miezi mingi kwa baridi, moshi wa majiko ukaganda kwenye mapazia, wakangoja jua la Machi ndipo wafungue. Waajemi pia huikung'uta nyumba nzima kabla ya mwaka wao mpya, unaoingia mwezi huo huo, na jina la mwaka huo ndilo lililotufikia sisi kama Nairuzi. Wazee wa pwani waliufuata mwaka wa Nairuzi wenye siku 365, wakauhesabu kwa miongo, siku kumi kumi, kwa sababu baharia na mkulima hawakuweza kuungoja mwezi mwandamo uwaambie upepo utageuka lini. Fundi wa nyumba yumo katika kundi hilo.

Kaskazi huvuma kuanzia Disemba hivi mpaka Machi, siku kavu na jua kali. Aprili Kusi huingia na masika yake. Mei ni maji matupu, halafu Juni mpaka Agosti ni upepo wa baharini unaobeba chumvi mpaka ndani ya mitungi. Septemba Kusi hulegea, kisha vuli huja Oktoba na Novemba, fupi na isiyoaminika. Kwa hivyo mwaka wa nyumba ya Lamu una milango miwili: Februari mpaka katikati ya Machi, na Septemba mpaka vuli itakapobisha hodi. Kazi zote za juu ya paa na za ukutani zipite katika milango hiyo. Ramadhani ikiangukia humo, alhamdulillahi, mmeua ndege wawili. Isipoangukia, fagieni na mfukize udi, rangi iacheni dukani.

Sasa ukuta. Fundi huanza kazi juu akashuka, lakini wewe umeuliza ukuta, basi nitaanza nao.

Kuta za nyumba yenu ni za mawe ya matumbawe, unene wake kama nusu mita, zimeungwa na kutomewa, yaani kupigwa plasta, kwa chokaa. Jiwe la matumbawe lina vitundu kama sifongo. Maji ya ardhini hupanda ndani yake kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi wa taa, na hapa kwetu maji hayo yana chumvi. Zamani hayakuwa na shida, kwa sababu chokaa nayo ina vitundu: maji yakipanda kiasi cha mkono, yanatoka nje kwa upole, ukuta unakauka, chumvi kidogo inabaki juu juu na ufagio unaiondoa. Halafu zikaja simiti na rangi ya plastiki. Simiti inaziba. Rangi ya plastiki inaziba zaidi. Maji yakikosa njia ya kutoka hapo chini hupanda juu zaidi kuitafuta, na yakiipata, mahali penye ufa au rangi dhaifu, yanakauka na kuiacha chumvi nyuma ya ngozi ya ukuta. Chumvi ikikauka hufanya chembe, chembe hutaka nafasi, na nguvu yake husukuma mpaka plasta ikaachana na jiwe. Ndiyo maana rangi yenu haibambuki wakati wa mvua. Hubambuka mwezi wa saba, mvua ikishapungua na upepo wa Kusi ukianza kuukausha ukuta.

Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ya mtaa wa Langoni kwa malalamiko kama yako. Mwenyewe alikuwa amepaka mara tano katika miaka minne, kila mara rangi ya bei kuliko ile ya kwanza. Niligonga ukuta kwa ufunguo wa mlango, ukalia kama dafu lililokwisha maji. Nikachomeka ncha ya patasi pembeni nikainua kidogo tu, kipande cha simiti kikatoka kizima, kipana kama sinia, kama ukoko wa wali unavyotoka chini ya sufuria. Nyuma yake hakukuwa na jiwe la kuonekana. Kulikuwa na mchanga laini wenye unyevu, uliokuwa chokaa ya babu zake, na juu yake manyoya meupe ya chumvi. Nilimpa aonje. Alitema.

Ukifika, fanya vipimo viwili kabla ya kumwita mtu. Gonga ukuta kwa kifundo cha kidole au ufunguo, kuanzia sakafuni mpaka usawa wa kifua, na popote panapolia utupu piga alama kwa kaa la mkaa. Kisha chukua maji kwenye kiganja urushe ukutani. Yakinywewa na pakabaki doa jeusi, hapo kuna chokaa. Yakitiririka kama kwenye kioo, hapo pamezibwa.

Palipozibwa na kulia utupu pabambuliwe, simiti na rangi yote, mpaka jiwe lionekane, na mkono mmoja zaidi juu ya alama ya unyevu. Chumvi iondolewe kwa brashi kavu ikusanywe kwenye karatasi, itupwe nje ya nyumba. Usioshe kwa maji, hata mtu akwambie vipi, kwani ukiiosha chumvi unaiyeyusha na kuirudisha ndani ya jiwe. Baada ya hapo ukuta uachwe uchi. Wenye nyumba hawapendi kusikia hivyo, hasa wakiwa na harusi, ila ukuta uliokunywa chumvi miaka ishirini hauponi kwa siku tatu. Kama mnaweza, bambueni Septemba, muuache wazi Kaskazi nzima huku mkipiga brashi kila chumvi inapochipuka, kisha mtomee Februari. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na milango miwili.

Chokaa ya kutomea ichanganywe kipimo kimoja kwa mitatu ya mchanga. Mchanga usiwe wa ufukweni, maana utakuwa umeipa nyumba chumvi kwa mkono wako mwenyewe. Wala usinunue uliochotwa kwenye vilima vya Shela, kwa sababu vilima vile ndivyo vinavyotunza maji matamu tunayokunywa mji mzima. Tafuta mchanga wa bara uliooshwa. Chokaa yenyewe iwe imezimwa na kulowekwa, maji yamesimama juu yake ndani ya pipa, wiki kadhaa kwa uchache. Iliyolala miezi ni bora zaidi, huwa laini kama samli. Ukutane nayo kwa heshima. Chokaa inayotoka tanuuni kabla ya kuzimwa huchemka ikikutana na maji, basi huingizwa kidogo kidogo ndani ya maji mengi, wala maji hayamwagwi juu yake, na watoto wakae mbali. Hata iliyozimwa huunguza macho. Mafundi wa zamani walijipaka mafuta ya nazi mikononi. Mimi naongeza miwani.

Ukuta ulowanishwe kabla ya kutomea, la sivyo jiwe litanyonya maji ya chokaa na kuiacha unga. Tabaka moja lisizidi unene wa kidole kidogo. Likishikwa, ngojea siku kadhaa, kisha la pili. Na hapa Kaskazi inayokusaidia inaweza pia kukuharibia: chokaa haigeuki jiwe kwa kukauka tu, hugeuka kwa kuvuta hewa ya ukaa, ile ile iliyotolewa na moto tanuuni, na huivuta vizuri ikiwa na unyevu. Jua la Februari likiipiga moja kwa moja itapasuka nyufa kama udongo wa bwawa lililokauka. Tundika magunia mabichi mbele ya ukuta wa nje na uyalowanishe asubuhi na jioni kwa wiki ya kwanza.

Rangi yako baada ya hapo ni chokaa tena, nyepesi kama maziwa, tabaka tatu au nne nyembamba juu ya ukuta uliolowanishwa. Vijana wengi huiharibu hapo. Wakipaka tabaka la kwanza wanaona kama maji tu, ukuta haujafunikwa, basi wanaifanya nzito kama uji ili iwe nyeupe haraka. Kesho yake inachubuka. Chokaa ikiwa mbichi huonekana kama haipo. Weupe huja ikikauka. Uipe siku yake.

Kitu kimoja kabla sijauacha ukuta: tazama juu ya kuta za darini kama kuna miche ya mkuyu. Ndege na popo hula matunda wakaangusha mbegu kwenye ufa. Mche wa urefu wa kidole hung'olewa kwa vidole viwili. Ukiuacha mvua mbili, mizizi yake inafungua mawe, na ukiung'oa hapo unakuja na ukuta.

Tukiwa huko juu, tushughulikie dari na paa. Kabla ya masika fagia dari yote na uzibue milizamu, ile mifereji inayotoa maji ya mvua darini. Mlizamu mmoja ulioziba kwa majani na manyoya ya njiwa unatosha kuligeuza dari birika, na maji yakisimama juu ya sakafu ya chokaa yatatafuta boriti. Mwagia ndoo ya maji ukaangalie yanakotokea: yanatakiwa yaruke mbali na ukuta. Yakichuruzika ukutani, mlizamu ni mfupi, uurefushe.

Makuti yapimwe saa sita mchana, jua likiwa utosini. Simama chini ya paa uangalie juu. Ukiona vijinuru vichache, hayo ni makuti tu yanapumua. Ukiona nyota nzima nzima za mchana, paa limechoka. Yabonyeze pia kwa mkono: kuti zima hurudi, lililooza hubaki limebonyea na kutoa vumbi jeusi. Angalia kamba kwenye makombamoyo na fito, ile miti inayobeba makuti, maana mara nyingi kuti halijaoza, kilichooza ni kinacholishika, na upepo wa kwanza wa Kusi hulifunua kama ukurasa. Nunueni makuti Januari. Mwezi wa tatu kila mtu anakumbuka paa lake, na punda mmoja anagombaniwa na nyumba sita. Waya wa umeme usipite ndani ya makuti wala kuyagusa. Mji wetu umebanana, cheche ya nyumba moja ni ya mtaa mzima.

Boriti za dari ndizo zinazonitia wasiwasi zaidi katika nyumba iliyofungwa. Boriti zetu ni miti ya mikoko, na urefu wake ndio uliofanya vyumba vya Lamu viwe vyembamba na virefu. Katikati ya chumba huwa hazina neno. Shida huwa pale zinapoingia ukutani, kwa sababu ukuta ukiwa na maji, ncha ya boriti inalala kwenye kitanda kibichi. Panda ngazi, chukua bisibisi au msumari mrefu, ubonyeze kila ncha. Ikigoma, sawa. Ikiingia kama kwenye muhogo uliochemshwa, boriti hiyo ibadilishwe kabla ya mtu kukanyaga juu. Unga laini chini ni wa fukusi, mdudu anayetoboa mbao. Vijia vya udongo vinavyopanda ukutani kama mishipa ni vya mchwa. Kijia cha mchwa usikifute ukaridhika. Kivunje mahali pamoja, rudi kesho yake. Wakikiziba, bado wamo, na hapo ndipo dawa ina kazi. Ukinunua boriti mpya nunua kwa mwenye kibali cha kukata mikoko, na kwa jambo lolote litakalogusa umbo la nyumba, ukuta, dirisha au orofa, pitia kwanza ofisi ya uhifadhi ya Mji wa Kale. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, na fundi akikwambia ofisi hiyo ni usumbufu tu, mwache aende zake.

Na dari likivuja, msimwage simiti juu ya sakafu ya zamani. Sakafu ile ni mawe na chokaa, nzito tayari, na kila anayeongeza inchi mbili za simiti ameongeza mzigo juu ya boriti zile zile zilizooza ncha. Tangi la plastiki nalo ni hivyo hivyo. Hili nalisema kwa aibu. Zamani mteja mmoja alitaka tangi la lita 1,000 katikati ya dari ili maji yashuke kwa nguvu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hivyo alikuwa anaomba tani moja ikae juu ya vijiti, na mimi nikajua hivyo, nikakubali kwa sababu alikuwa mtu wa kubembeleza. Siku ya tatu usiku nikagongewa mlango. Boriti ilikuwa imepasuka, mlio wake walidhani ni bunduki. Hakuumia mtu. Tulilitoa tangi kwa ndoo, ndoo baada ya ndoo, mpaka alfajiri. Tangi likae chini ardhini, na kama ni lazima liwe juu, liwe dogo na likae juu ya makutano ya kuta.

Maji sasa. Kisima husafishwa mwishoni mwa Kaskazi kwa sababu ndipo maji yalipo chini kabisa, unafikia tope. Mwajirini mtu mwenye uzoefu, na asiteremke peke yake: mmoja chini na kamba kiunoni, wawili juu. Pampu ya petroli isiteremshwe kisimani wala kuwashwa karibu na mdomo wake, moshi wake hushuka na kuua mtu aliye ndani bila kelele. Maji yakishatolewa, yaacheni yarudi yenyewe. Ukivuta maji ya kisima cha Lamu kwa nguvu, kinakuletea maji ya bahari.

Birika la msalani ndilo lililo na jambo la afya ndani yake, na watu wengi hulisahau. Mwaka 2004 Lamu ilipigwa na homa ya chikungunya, viungo viliuma watu mpaka wakatembea wameinama, na waliopima baadaye waliona karibu robo tatu ya watu wa mji walikuwa wameipata. Haikuwa mvua iliyoleta. Ulikuwa ukame. Maji yalikuwa adimu, watu wakayaweka majumbani, kwenye mapipa, mitungi na mabirika, bila kubadilisha, na mbu wa aina ile hutaga humo humo ndani ya nyumba na kuuma mchana. Mayai yake hugandama kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na yanaweza kukaa makavu miezi kadhaa yakingoja. Kwa hivyo kumwaga maji na kujaza upya hakutoshi. Sugua, hasa ule mstari wa maji yanapofikia, kwa brashi ngumu, mzunguko mzima, halafu suuza. Wazee wetu waliweka samaki wadogo birikani wale viluwiluwi, na bado ni dawa nzuri kuliko nyingi za dukani. Kama mtawaweka, kumbukeni kuwahamishia kwenye ndoo siku ya kusugua kwa klorini. Na nyumba inapofungwa, birika liachwe tupu na kavu, mitungi ipinduliwe, na ndoo pia.

Milango na madirisha nitapita haraka. Futa kwa kitambaa na maji matamu ili utoe chumvi, kausha, kisha paka mafuta. Nakshi isiguswe na mashine ya msasa. Vanishi naikataa kwenye mlango unaopigwa na jua, hubambuka kama ile rangi yenu na kuikwangua ni adhabu. Mafuta ya linsidi huingia ndani ya mbao yakakaa. Ila vitambaa ulivyopakia mafuta hayo usivirundike pembeni: hupata joto vyenyewe na kuwaka. Vitandaze nje vikauke, au vitie kwenye ndoo ya maji. Bawaba za chuma ukizikuta zimeliwa na kutu, weka za shaba, gharama mara moja.

Na huo uvundo wa makabati. Hamna dawa ya kuupulizia. Nyumba za Lamu zilijengwa na kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, katikati ili upepo uingie na kupanda, na kuzifunga madirisha miezi mitano ni kuziziba pumzi. Tafuteni mtu mmoja wa mtaani, jirani wa bibi yenu, mmpe ufunguo na kitu cha mkononi, afungue madirisha na milango yote ya makabati mara moja kwa wiki, saa tatu mpaka saa tisa, hasa Juni mpaka Agosti. Makabati yasogezwe kiganja kimoja kutoka ukutani. Nguo za bibi zilizobaki kwenye sanduku zitoeni Februari zipigwe na jua, mrudishe na kafuri. Mtu huyo wa ufunguo atakuokolea fedha nyingi kuliko mimi.

Kwa kuwa wewe uko Mombasa, nikupangie hivi. Septemba njoo siku nne: vipimo, kubambua, kupiga brashi, milizamu kabla ya vuli. Siku hizo hizo mwambie fundi aizime chokaa na kuiloweka pipani, ikungoje. Januari piga simu kuhusu makuti. Februari chukua likizo ya wiki mbili, na hizo zitakuwa za vumbi, uje na nguo mbaya. Juu kwanza: paa, dari, boriti. Kisha kuta. Kisima na birika mwisho, ili vumbi la chokaa lisirudi majini.

Fundi utakayemchukua mwulize swali moja tu kabla ya bei: chokaa yako imelala muda gani? Akikujibu kwa wiki au miezi, keti naye mzungumze. Akisema hiyo ya nini siku hizi, simiti ipo, mpe chai umshukuru.

Na Septemba hiyo, ukishaugonga ukuta, nihesabie alama za mkaa ulizopiga kwenye ukuta wa upande wa kisima uniletee idadi. Zikizidi kumi, nitakuja kuuona mwenyewe kabla hamjashika patasi.